Siku Redio ya Ngungu Ilipokosa Sauti

Kuharibika kwa kompyuta ya redio ya Ngungu kulianza kwa kigugumizi. Ilikuwa mashine kuukuu iliyotoka Buleusa, kule Walikale, ikiwa imefungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki, baada ya mradi mmoja wa wakulima kufunga milango yake kwa ajili ya vita. Watu wa Ngungu waliipokea kwa furaha, wakaiweka katika kibanda cha mbao juu ya kilima, pembeni ya malisho ya ng'ombe, na kwa miaka mingi ikafanya kazi bila kulalamika. Nyimbo zilikuwa ndani yake. Matangazo ya vifo na ya harusi yalitoka ndani yake. Hata sauti ya mtangazaji ilibidi ipite humo kwanza ndipo ifike kwenye mtambo wa kurusha, maana radi ilikwisha kuunguza meza ya kuchanganyia sauti. Badala ya meza hiyo walipata kisanduku cheusi kidogo tu, upande mmoja tundu la maikrofoni, upande wa pili waya wa kuingia kwenye kompyuta.

Mtangazaji mwenyewe alikuwa Régine, mwanamke wa makamo, mtoto wa wafugaji wa palepale. Sauti yake ilijulikana kutoka Ngungu hadi mashamba yanayotazama ziwa. Sura yake haikujulikana sana, kwa sababu alikuwa mtu wa kuingia kibandani asubuhi na kutoka jioni. Mama yake, Mukabaranga, alikaa ng'ambo ya bonde na ng'ombe wake wa maziwa. Redio ndogo ya bibi huyo ilining'inia kwenye mlango wa zizi kutwa nzima, na akikamua, mtu asithubutu kuigusa. Alipenda kusema kwamba mtoto wake anamsalimia kila asubuhi bila kuvuka mto.

Siku kompyuta ilipomwaibisha Régine, alikuwa amekwisha kurekodi tangazo la kifo cha mzee mmoja aliyeheshimika. Mashine ilipofika kwenye neno "amefariki" ikakwama hapo. Ikasema amefariki, amefariki, amefariki, hadi watoto wa marehemu wakapanda kilima kwa hasira kuuliza kama baba yao amegeuzwa wimbo. Régine aliwaomba radhi huku jasho likimtoka. Walipoondoka, akamgeukia mkurugenzi wa redio, Papa Ladislas, mwalimu mstaafu aliyependa kuahirisha mambo.

"Papa Ladislas, hii mashini inatupatisha haya. Tutangojea mpaka siku gani?"

"Nitaita fundi, mama. Nitamuita."

Safari hii alimwita kweli. Fundi alikuwa Muhindo, kijana wa Butembo aliyefungua duka la kutengeneza simu huko Minova, akaoa hukohuko binti mmoja jina lake Kétsia. Alifika Ngungu kwa pikipiki, mkoba mgongoni, rozari shingoni. Akaiwasha mashine, akangoja, akangoja tena, akaangalia mambo yaliyokuwa yanajifungua yenyewe kwenye kioo, akatikisa kichwa.

"Hii si ya kutibu tena," alisema. "Virusi vimeingia mpaka mu mifupa. Mfumo wenyewe umezeeka, hata bale bantu benye kuutengeneza balishaacha kuuangalia. Tunafuta yote, tunaweka mfumo mupya, safi."

"Yote?" Papa Ladislas akashtuka. "Na nyimbo zetu?"

"Nyimbo na matangazo nitaweka kwanza mu disque ya inje. Hakuna kitu kitapotea, papa."

Na kweli, hakuna wimbo uliopotea. Muhindo alikuwa fundi makini. Alinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, kisha akafungua faili moja baada ya nyingine kuhakikisha kwamba zinasikika.

Kesho yake, baada ya sala ya asubuhi, Régine aliwaambia wasikilizaji kwamba redio itanyamaza kidogo kwa sababu mashine inatengenezwa. "Muchana tunarudi pamoja nanyi," alisema. "Mutungojee." Akazima maikrofoni. Tangu wiki kadhaa mizinga ilikuwa ikisikika mbali, upande wa Sake, na watu walikwisha kuizoea kama mtu anavyozoea mgonjwa anayekohoa chumba cha pili. Asubuhi ile pia ilisikika. Hakuna aliyeinua kichwa.

Muhindo akachomeka kijiti cha USB chenye mfumo mpya, akajibu maswali ya mashine, na ilipomwuliza kama kweli anataka kufuta kila kitu, akabonyeza ndiyo. Kazi ikaendelea bila kikwazo. Asilimia zikapanda polepole kwenye kioo, mashine ikajizima na kujiwasha, na Régine alikaa akitazama kama anayesubiri mkate utoke tanuruni. Ilipomaliza, kioo kikawaka na picha nzuri ya mlima wenye theluji. Kila alichogusa Muhindo kilifunguka papo hapo. Papa Ladislas akapiga makofi.

"Aksanti Mungu! Imekuwa kijana!"

Muhindo akarudisha nyimbo, akaiweka programu ya redio, akawasha mtambo wa kurusha. Régine akakaa mbele ya maikrofoni, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akasema: "Wapendwa wasikilizaji, tumerudi."

Redio ndogo iliyokuwa dirishani haikusema kitu. Ilivuma tu, mvumo mtupu, kama mtungi ukiuweka sikioni. Akarudia. Mvumo uleule. Pembeni ya kioo, alama ya spika ilikuwa na msalaba mwekundu.

Muhindo akachomoa waya wa kisanduku cheusi, akauchomeka kwingine. Akazima, akawasha. Akasoma maneno yaliyotokea, akakuna shingo.

"Mfumo mupya haujue hiki kisanduku," alieleza. "Iko kama mugeni mwenye hajue luga ya ile nyumba. Kuko kiprogramu kidogo, tunakiita piloti, njo kinabapatanisha. Mfumo wa zamani ulikuwa nacho. Huu haina."

"Kinapatikana wapi?" Régine aliuliza.

"Ku internet. Dakika kidogo tu, dada. Nakivuta na simu yangu."

Akatoa simu. Akaiangalia, akaiinua juu, akatoka nayo nje, akarudi nayo. Papa Ladislas naye akatoa yake. Vile vijiti vya mtandao vilikuwa vimezimika kwenye simu zote. Mtandao wa Ngungu ulikuwa na tabia ya kwenda na kurudi, kwa hiyo wakasubiri. Ndipo mlio ukaja, safari hii si upande wa Sake. Ulitoka chini, upande wa ziwa, karibu mno, hata vioo vya dirisha vikatetemeka. Ukafuata mwingine. Watu watatu wale wakatazamana.

"Basi si uweke tu piloti kutoka ku CD," alisema Régine. "Vitu kama hivi si vinakuja na CD?"

Papa Ladislas alikwisha kupiga magoti mbele ya sanduku la makorokoro, anatupa nyaya huku na huku. Kisha akaacha. "CD ilibakia Buleusa," alisema taratibu. "Balitutumia mashini na kisanduku peke yake."

Buleusa. Kwa hali ya barabara na vizuizi vyake, ilikuwa ni sawa na kusema mwezini.

"Muhindo," Régine akasema, "rudisha ule mfumo wa zamani. Haizuru kama unagugumiza. Urudishe tu, niseme, kisha utafuta tena."

Kijana alimtazama kama mtu aliyeombwa kurudisha mvua mawinguni.

"Dada, nimeisha kuufuta. Hauko tena. Na CD yake haina kwangu, hakuna mutu anaitembeza siku hizi."

Pikipiki ilisikika ikipanda kilima kwa fujo. Alikuwa Hakorimana, dereva wa pikipiki aliyezoea kuleta habari redioni. Alikuwa na matope hadi kifuani, kioo kimoja cha pikipiki kimevunjika. Hakusalimu.

"Dada Régine, sema ku redio, sasa hivi! Bantu basishuke Shasha, kule ku ziwa. Barabara imekatwa. Mabomu inaanguka mpaka pembeni ya maji, inaanguka mu bantu. Miye nimepita mu migomba, sijue hata namna gani nimepona. Sema babakie huku juu, ao bapite njia ya Numbi, ile ya mu milima. Sema, dada!"

"Redio haina sauti," alisema Régine.

"Namna gani haina sauti? Si weye njo sauti?"

Muhindo alikuwa amejiinamia kwenye kisanduku, anajaribu hiki na kile, midomo inacheza bila maneno. Régine akasogea dirishani kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Ndipo akaona barabara.

Watu walikuwa wakitoka. Mwanzoni wachache, wamebeba magodoro kichwani, mbuzi wamefungwa kamba. Kisha wengi. Walitoka katika kila kijia cha bonde, wakiingia barabara kuu kama maji ya mvua yanavyoingia mtoni, na wote walikuwa wameelekea chini, Shasha.

Régine alikimbia. Alishuka kilima bila viatu vyake vya kazi, akaingia katikati ya watu, akamshika mkono mama mmoja aliyebeba sufuria.

"Mama, munaenda wapi?"

"Minova. Tunapitia Shasha, tukamate mutumbwi. Huku kumeharibika."

"Nani alisema kumeharibika?"

"Redio imenyamaza. Balisema muchana watarudi, muchana imepita. Unafungua, unasikia tu vuuu. Banasema waasi bamefika kule juu, batangazaji bamekimbia ao bamekufa. Kama Régine amenyamaza, weye unangojea nini?"

"Lakini Régine njo miye! Niko hapa! Ni mashini imeharibika, waasi hawako. Vita iko kule chini, Shasha, kwenye munaenda!"

Mama yule akasimama. Akamtazama mwanamke huyu asiye na viatu, kitambaa kimemwangukia begani, anapumua kama aliyefukuzwa. Wengine nao wakasimama.

"Kama uko Régine," mwanaume mmoja akasema, si kwa ubaya, "panda useme ku redio, sisi tusikie."

Régine akafungua mdomo. Akapaza sauti yake ileile, akasema salamu anayoisema kila asubuhi, neno kwa neno. Wachache waliitambua. Mzee mmoja akamshika mkewe, wakageuka wakarudi nyumbani, na familia mbili tatu zikawafuata. Lakini sauti ya mtu barabarani haifiki mbali. Hatua chache tu nyuma ya wale waliomsikia, watu walikuwa wanasukumana, wanauliza kwa nini mbele wamesimama, na mlio ulipotokea tena, wakampita kando zote mbili kama jiwe katikati ya mto. Alipiga kelele mpaka koo likakauka. Aliwavuta watu nguo. Mwanamke mmoja alimsukuma mkono akisema huyu ana wazimu wa vita.

Ndipo akamkumbuka mama yake.

Hakorimana, aliyemfuata kwa pikipiki, hakungoja kuombwa mara mbili akamchukue mama huyo. Aligeuza pikipiki, akavuka bonde. Régine akapanda tena kibandani, miguu inatoka damu, akakaa kwenye ngazi. Ndani, Papa Ladislas alikuwa anajaribu kila simu, anaitikisa kama vile mtandao umekwama ndani. Hakorimana aliporudi, alizima injini mbali kidogo na akaja kwa miguu. Régine akajua kabla hajasema.

"Nyumba imefungwa. Ng'ombe haziko. Jirani anasema mama alikaa pale mlangoni, redio mu magoti. Muchana ikapita. Akafungua ng'ombe, akaenda pamoja na Mama Mukandayisenga, ule mwenye banauza naye maziwa. Nilibafuata, dada. Nilienda mpaka kwenye daraja. Pale njia imejaa, na wanajeshi bamenirudisha na bunduki."

Jua lilikuwa limeanza kulala juu ya vilima Muhindo alipopata wazo. Alikata waya wa vifaa vyake vya masikioni, akaumenya kwa meno, akaufunga kwenye nyaya zinazoingia mtambo wa kurusha. Papa Ladislas akamshikia nyaya. Kisha akamwambia Régine azungumze ndani ya simu, arekodi ujumbe, nayo simu itaupeleka mtamboni bila kupitia kompyuta.

"Namna hii tungeweza kufanya mapema?" Régine aliuliza.

Muhindo hakuinua macho. "Nilikuwa nawaza piloti tu, dada. Nilijua mtandao utarudi."

Akarekodi. Aliwaita watu wa Ngungu na wa mabonde yote, akasema yu hai, redio i salama, mtu asishuke Shasha. Alitaka kumwita mama yake kwa jina, akajizuia, kisha akamwita. Muhindo akabonyeza, na kutoka kwenye redio ndogo ya dirishani sauti ikaja nyembamba, yenye kukwaruza, kama ya mtu aliye kisimani. Lakini ilikuwa yake. Papa Ladislas akafunika uso kwa mikono. Ujumbe ukaisha, wakaurudia, wakaurudia tena. Régine akaenda dirishani. Barabara ilikuwa tupu. Mbuzi mmoja aliyepotea alikuwa anakula majani pembeni, kamba bado shingoni. Waliokuwa wa kwenda walikwisha kwenda.

Mtandao ulirudi siku kadhaa baadaye, asubuhi ya ukungu, bila mtu kuutegemea. Muhindo, aliyekuwa amelala kibandani siku zote hizo kwa kuwa njia ya kurudi Minova ilikuwa imefungwa, aliitafuta ile piloti, akaivuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maziwa. Msalaba mwekundu ukatoweka. Régine aliposema neno la kwanza, sauti ilitoka nzito, haina kigugumizi wala mkwaruzo, safi kuliko siku yoyote tangu redio ianzishwe. Papa Ladislas alitaka kumshukuru fundi, lakini Muhindo alikwisha kutoka nje na simu, anapiga namba ya Kétsia. Mkewe alipoitika, kijana alichuchumaa ukutani, akalia kama mtoto.

Simu ya Régine ililia kabla hajamaliza habari za asubuhi. Akaweka wimbo.

"Ni miye," alisema Mukabaranga. "Niko Minova, mu salle ya kanisa. Bamenipa simu ya mwenyewe, siyo yangu, nisikawie."

"Mama! Uko muzima?"

"Miguu inaniuma. Ng'ombe zilitawanyika, hata moja sina. Mukandayisenga amekufa. Pale Shasha, karibu na maji. Tulimufunika na kitenge chake, tukamuacha. Hakukuwa namna."

Régine aliegemea meza.

"Nilingojea, mutoto wangu," mama akaendelea, bila hasira, kama anayeeleza safari. "Mukandayisenga alitaka tutoke mapema. Nilimuambia, tungojee, Régine atasema. Akisema tubakie, tutabakia. Ukanyamaza."

"Ilikuwa mashini, mama. Tulibadilisha mfumo, kisha ikakosa..." Maneno ya Muhindo yote yalimjia mdomoni, mfumo, kisanduku, piloti, na hakuna hata moja lililofaa kumpa mwanamke aliyesimama kwenye ukumbi wa kanisa na simu ya watu. "Ilikuwa mashini."

"Mashini gani?"

Ng'ambo ya pili mtu alikuwa anadai simu yake.

"Sikia," mama akasema haraka. "Binti ya Mukandayisenga, Emérita, alibakia Ngungu na watoto. Hajue. Usimutangaze mamake ku redio, itamuua. Weye mwenyewe uende."

Régine akavua vipokea sauti. Muhindo alikuwa mlangoni, macho mekundu, anauliza kama kuna habari. Alimpita. Alishuka kilima, akavuka kijito, akafuata kijia cha kati ya mashamba ya viazi. Emérita alikuwa shambani, jembe mkononi, mtoto mgongoni, na redio yake kwenye ncha ya mti mfupi uliochimbiwa ukingoni mwa matuta. Redio ilikuwa bado inapiga nyimbo, tangu ule alioweka Régine.

Alipomwona mgeni, Emérita alinyoosha mgongo, akatabasamu.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Miye ni Régine. Wa redio."

"Ee! Régine mwenyewe!" Emérita akaangusha jembe, akapangusa mikono kwenye kitenge ili amsalimu vizuri. "Nimekusikia asubui, nikafurahi sana. Sauti inatoka muzuri sasa. Mamangu akirudi, nitamuambia ulifika mpaka kwetu. Anakupenda sana. Ikaa, ikaa hapa kidogo."

Régine akakaa kwenye tuta la viazi. Emérita akakaa karibu naye, akamgeuza mtoto mapajani, akangoja kwa adabu mgeni aseme kilichomleta.